Theluji ya Nyuma ya Uwanja

Jumanne asubuhi bomba lilipasuka kwenye chumba cha chini, na Maryse Gadbois akawa anatembea ndani ya maji yaliyofika vifundoni, akitafuta koki kuu. Mumewe, Yannick Boisclair, alikaa kwenye ngazi akimmulikia kwa tochi. Koki hiyo aliiweka Yannick mwenyewe kiangazi kilichopita. Sasa hakujua iko wapi. Mpaka alipoambiwa ashuke, hakujua hata kama nyumba ina chumba cha chini.

"Mulika huku. Usoni kwangu hakuna koki."

"Samahani, mama," alisema Yannick. Tangu Jumamosi alikuwa akimwita mama, kwa heshima, kama mtu anavyomwita karani wa posta.

Simu ikalia mfukoni mwa Maryse. Namba hakuijua.

"Koki iko nyuma ya friza," ilisema sauti ya mwanamume. "Vuta friza, usiisukume. Mguu wake mmoja wa nyuma umevunjika, tumeuwekea kipande cha ubao."

Maryse alivuta friza. Ubao ulikuwepo, na koki ilikuwepo. Aliifunga, maji yakakoma.

"Nani mwenzangu?"

"Wendell Koskela. Wa Kilgour."

Jina hilo Maryse alilijua. Mji mzima wa Val-Brébeuf ulilijua. Jumamosi, kipindi cha pili cha mechi ya hoki ya barafuni dhidi ya Kilgour, Yannick alipoinamisha kichwa kupokea kisahani cha kuchezea kilichokuwa kinateleza kumjia, Koskela alitoka upande usioonekana na kumpachika bega la taya. Yannick alilala juu ya barafu huku viatu vyake vikiendelea kuteleza polepole, kama vya mtu anayeota anakimbia. Refa alimtoa Koskela nje ya mchezo. Mashabiki walimrushia vikombe.

"Umejuaje habari ya koki yangu?" Maryse aliuliza.

"Tangu Jumapili naiwaza tu. Naona mumeo hakuikaza vizuri, imekuwa ikinikosesha raha. Na mimi hata ya nyumbani kwangu sijui ilipo."

Maryse alipanda ngazi, akavua soksi zilizolowa, akampigia daktari wa timu. Daktari alisema alikuwa anaitarajia simu hiyo.

Katika ligi ile jambo hilo lilikuwa linajulikana. Kinachopiga kichwa ndicho kinachochukua. Likikupata bega, mwenye bega anaondoka na ulichokuwa nacho. Mara nyingi huwa ni vitu vidogo: namba ya siri ya benki, jina la mbwa, mahali pa kukata kona kwenda kwa mama mkwe. Kulikuwa na mlinda lango wa zamani aliyejigonga kwenye mlingoti wa goli, na mkewe akawa anakwenda uwanjani kila Jumapili baada ya misa kuweka sikio kwenye mlingoti ule, mpaka timu iliponunua magoli mapya na yale ya zamani yakauzwa kama chuma chakavu. Lakini bega la Koskela lilikuwa bega hasa. Alikuwa ameondoka na nyumba, harusi, watoto na mke. Hoki peke yake ndiyo iliyobaki nzima, kwa sababu, daktari alieleza, hoki haikai kichwani. Inakaa magotini.

"Na vitarudi?"

"Huyo aliyenavyo anaweza kukusimulia, nawe ukamsimulia mumeo. Ila asipigwe kichwani kabla hajamaliza. Akipigwa, vinahama tena."

Maryse alishukuru, akakata simu. Watoto walikuwa shuleni. Alivaa koti, akamwachia Yannick supu kwenye sufuria na karatasi mlangoni iliyosema USITOKE, akawasha gari kuelekea Kilgour.

Kulikuwa na kitu kimoja alichokitaka, na wala hakikuwa koki.

Baba yake, mzee Fernand, alifariki mwezi wa kumi hospitalini. Maryse alikaa naye siku zote zile, na dakika aliyokata roho hakuwepo, kwa sababu theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka na magari ya kuisafisha yalikuwa yanakuja, na gari lisilohamishwa barabarani huburutwa. Alishuka kuhamisha gari. Aliporudi, Yannick alikuwa amesimama koridoni, kofia mkononi.

"Ameniachia neno lako," Yannick alisema.

"Kasema nini?"

"Nitakwambia vizuri msimu ukiisha. Tukiwa tumekaa."

Na Maryse akakubali. Mtu wa mbali angeshangaa, lakini wao ndivyo walivyoishi. Kwenye nyumba za wachezaji hakuna zito linalofanywa wakati wa msimu. Meno hung'olewa mwezi wa sita. Mapaa huezekwa mwezi wa saba. Harusi yao ilikuwa mwezi wa saba, na watoto wote wawili walizaliwa mwezi wa nane, na hilo halikutokea kwa bahati. Kilio cha baba yake nacho Maryse alikiweka pembeni, kikisubiri majira ya joto.

Sasa neno hilo lilikuwa Kilgour, kichwani mwa mtu aliyempiga mumewe.

Nyumba ya Koskela ilikuwa ya mbao, na ndani ya karakana yake mlikuwa na mitumbwi miwili na magongo yaliyovunjika ya miaka mingi. Yeye mwenyewe alikuwa jitu la makamo, pua imehamia upande, mikono kama mikate. Alifungua mlango kabla Maryse hajabisha.

"Kiroboto, ingia ufunge, baridi inapita," alisema.

Kiroboto lilikuwa jina ambalo Yannick alimwitia Maryse wakiwa peke yao.

"Samahani," alisema Koskela. "Limetoka lenyewe."

"Najua. Nina swali moja tu, halafu naondoka."

Alimuuliza akiwa amesimama, koti mwilini, funguo za gari mkononi. Koskela alisikiliza, akakuna shingo.

"Haliko hivyo, mama. Silifungui kama droo. Vinakuja vyenyewe, na vinakuja nikigusa kitu. Jana nilishika kisu cha samaki nikaliona ziwa lenu lote, mpaka pale pa kufungia mashua. Leo nimeona sherehe ya harusi. Mjomba wako mmoja alianguka kwenye keki."

"Mjomba Roch."

"Huyo huyo. Tulicheka sana."

"Hospitali je?"

"Bado. Niletee vitu."

Basi Maryse akaanza kuleta vitu. Kila asubuhi watoto wakishapanda basi la shule, alipakia gari na kuendesha kwa saa mbili kwenda Kilgour, akapita misitu ya misonobari na malori ya magogo, akirudi kabla watoto hawajashuka. Alipeleka koti ambalo Yannick alilivaa hospitalini. Alipeleka kikombe cha karatasi cha kahawa ya pale chini. Alipeleka fulana ya mzee Fernand. Koskela alivishika mezani, amefumba macho, huku Maryse akizunguka jikoni akipangua na kupanga upya vyombo vya mwenyeji.

"Koridoni," alisema Koskela siku moja. "Nasikia harufu ya dawa ya sakafu."

"Endelea."

"Kuna muuguzi anakula machungwa."

"Muuguzi achana naye. Ingia chumbani."

"Mlango umefungwa, Kiroboto. Nifanyeje, niupige teke?"

"Si ndiyo kazi yako?"

Koskela alicheka, kisha akakoma, maana hakuwa na uhakika kama ni yeye aliyecheka.

Ijumaa kamati ya nidhamu ya ligi ilitoa uamuzi. Mkuu wake, bwana Aldcroft, aliyewahi kucheza na ambaye meno yake ya mbele yalikuwa ya kununua, alimfungia Koskela mechi kumi. Kilgour walilalamika. Val-Brébeuf walilalamika kwamba ni chache. Maryse alikuwa njiani aliposikia kwenye redio, akapiga makofi kwenye usukani. Mechi kumi ni majuma manne na zaidi. Kwa majuma manne hakuna mtu ambaye angekigusa kichwa kile.

Furaha hiyo ilikaa siku tatu. Jumatatu chama cha wachezaji kilikata rufaa.

"Si umewaambia hutaki?" Maryse aliuliza.

"Nimewaambia. Wamesema siyo kwa ajili yangu. Ni kwa ajili ya mchezaji mwingine atakayekuja kufungiwa."

"Mchezaji gani?"

"Yeyote. Wanakata rufaa kama watu wanavyofunga mlango wakitoka."

Rufaa ilisikilizwa kwa video. Maryse aliomba kuzungumza, akaruhusiwa, kwa kuwa mke wa majeruhi akinyimwa nafasi magazeti huandika. Alisimama mbele ya kompyuta akiwa bado na kofia ya sufu kichwani.

"Naomba mumfungie ishirini," alisema.

Bwana Aldcroft aliinamisha kichwa kwa upole. "Mama, naelewa hasira yako."

"Sina hasira. Nina shughuli."

Aliwaeleza. Kwamba Koskela ameshafika koridoni, kwamba kuna mlango, kwamba kwa mwendo huu atahitaji mpaka mwisho wa mwezi. Hakuna aliyemkatiza, na hakuna aliyeshangaa. Mwakilishi wa chama aliandika kitu. Bwana Aldcroft alisema yeye mwenyewe aliwahi kupoteza mwaka mzima wa utoto wake kwa mtu wa Saskatchewan, na anajua inavyouma.

"Lakini adhabu hupimwa kwa kosa," alisema. "Haipimwi kwa kilichobebwa. Kumbukumbu hazimo kwenye kanuni."

"Ziwekeni."

"Kanuni hubadilishwa kiangazi, mama. Msimu ukiisha."

Kisha wakatazama tena ile picha, kutoka pembe mpya. Ilionekana kwamba Yannick aliinama zaidi dakika ya mwisho, na kwa hiyo kichwa chake kilichangia kulifuata bega. Mechi kumi zikawa nne. Tatu zilikuwa zimeshapita. Mechi ya tano Kilgour walikuwa wageni wa Val-Brébeuf, Jumapili mchana.

Jumatano Maryse alibadilisha mpango. Alimwambia Koskela aje yeye. Kama vitu vinahamia kwa anayepiga, basi Yannick na ampige, wamalize.

Koskela alifika na donati kwenye boksi, akavua viatu mlangoni, akajua mwenyewe pa kutundika koti. Delphine, binti yao wa miaka saba, alimtazama, kisha akamletea kitana na kibanio. Kwa baba yake kibanio alikuwa amekipeleka mara mbili juma lile, na mara zote mbili baba alikuwa amekishika tu na kukitazama. Koskela aliketi, akamsuka nywele kwa vile vidole vyake vinene, mkia mmoja ukianzia juu ya sikio, vilevile Yannick alivyokuwa akimsuka. Yannick alisimama karibu na jokofu akiangalia.

"Anajua sana," alisema.

"Ni wewe unayejua," Maryse alimwambia. "Kunja mikono ya shati. Mpige."

"Hapa?"

"Unataka wapi, kanisani?"

"Amevaa soksi, mama. Yuko jikoni kwa watu. Mimi sipigi mtu mwenye soksi."

Walibishana. Mwishowe Yannick alimpiga, kwa aibu, kwenye shavu. Koskela hakutikisika. Yannick ndiye aliyelala saa kadhaa kichwa kikimuuma, mapazia yamefungwa, na daktari akaja akasema jambo hilo lisirudiwe. Kilichohama ni kidogo sana: Yannick alipoamka alijua kwamba Koskela anaogopa farasi.

Koskela alipokuwa anavaa viatu, Yannick alitoka chumbani ameshikilia ukuta.

"Jumapili unacheza?"

"Nacheza."

"Basi lazima ujibu. Unajua."

"Najua."

"Wenzangu watakusubiri. Ouimet atakuja dakika ya kwanza. Mpe nafasi, yaishe."

"Nitampa."

Walipeana mikono. Yannick hakujua tarehe ya harusi yake, lakini hilo alilijua vizuri, na alilisema kwa sauti tulivu ya mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Maryse alimfuata Koskela mpaka garini, kandambili kwenye theluji.

"Kataa."

"Kukataa nini?"

"Kupigana. Akija, mgeuzie mgongo. Mtu mzima na ndevu zako."

Koskela alifuta kioo cha gari kwa kiganja. Ndivyo ilivyo kwao: ukimuumiza mtu, siku timu zikikutana tena unavua glavu na kujibu, mbele ya watu wake. Hakuna aliyeliandika popote. Kwa hiyo halikatiwi rufaa.

"Nikikataa mimi," alisema, "watamtafuta yule kijana wetu wa namba kumi na tisa. Ana miaka ishirini. Wewe unataka mkewe naye aanze kuendesha gari kwenda kwa watu?"

"Ana mke?"

"Ana mchumba."

Maryse alisimama pale mpaka taa za nyuma za gari zilipopotea. Kisha akampigia simu Stéphane Ouimet, mbabe wa Val-Brébeuf, ambaye kiangazi huja kuchoma nyama uani kwao.

"Stéphane, ukimpiga Jumapili, mpige tumboni."

"Shemeji! Kifua kimejaa mapedi, nitavunja mkono."

"Basi begani."

"Shemeji, ngumi ikishatoka ni kama mtoto aliyeoa. Humwambii tena pa kwenda." Akacheka, kisha akaacha. "Nitajaribu. Kweli. Kwa ajili ya mzee Fernand nitajaribu."

Jumamosi, Maryse akiwa anakunja nguo, Koskela alipiga simu. Alikuwa ameshika ile fulana.

"Nimeingia," alisema.

Maryse aliketi. Ilikuwa mara ya kwanza kuketi mchana tangu bomba lipasuke.

"Blanketi la kijani," alisema Koskela. "Dirisha liko kushoto. Chini naona gari lako, unafuta theluji kioo cha mbele. Mzee anakutazama."

"Ananiona?"

"Anakuona. Amenishika mkono. Ana nguvu, huyu mzee."

"Kasema nini?"

"Bado. Anavuta pumzi. Anataka kusema."

"Wendell, subiri hapo hapo."

"Niko hapa." Walisikilizana wakipumua. Mashine ya kufulia ilimaliza, ikalia. "Imekatika," Koskela alisema. "Nikiikamata kwa nguvu inakimbia. Kesho, Kiroboto. Kesho baada ya mechi nitakuwa nayo. Nakwambia, mdomo ulishaanza kufunguka."

Jumapili uwanja ulijaa saa nzima kabla ya mechi. Watu hawakuwa wamekuja kutazama magoli. Maryse alikaa safu ya kwanza, nyuma ya kioo, lakini hakukaa. Alisimama, akaketi, akaenda kununua kahawa, akairudisha bila kuinywa. Yannick alikuwa pembeni yake, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, akifuata mazoezi ya kupasha mwili kwa macho ya njaa.

Kisahani kilitupwa barafuni, mechi ikaanza. Ouimet alimwendea Koskela moja kwa moja, akasema neno, Koskela akaitikia kwa kichwa. Wakavua glavu. Kisha wakavua kofia ngumu, wote wawili, taratibu, wakaziweka chini, kwa kuwa ndiyo heshima ya jambo lile: humwachii mwenzako avunje vidole kwenye kofia yako. Umati ulisimama. Wachezaji wa timu zote mbili waligonga magongo kwenye ubao unaozunguka uwanja.

"Ni waungwana hawa," Yannick alisema.

Ouimet alijaribu. Watu wote waliona kwamba alijaribu, na baadhi walimzomea kwa hilo. Alimpiga begani, akampiga mbavuni, akamshika jezi na kumzungusha. Koskela naye alirusha ngumi zilizopita hewani, amelinda kichwa kwa kiwiko. Wangemaliza hivyo, wamechoka, wamekumbatiana, kama kiatu cha Koskela kisingepanda juu ya glavu yake mwenyewe. Alianguka chali. Ouimet alivuta jezi kumzuia, jezi ikatoka mkononi. Kisogo kikafika kwenye barafu kwanza, na mlio wake ulisikika mpaka kwa wauza soseji.

Koskela aliinuka baada ya muda, akishikwa huku na huku. Alipopita mbele ya kioo Maryse alibisha kwa viganja vyote viwili. Koskela aligeuka, akamwangalia vizuri.

"Mama," alisema kwa adabu, "tunafahamiana?"

Refa aliwapa wote wawili dakika tano kwenye kibanda cha adhabu. Kibanda cha wageni kilikaliwa na mwenzake, kwa kuwa Koskela hakukumbuka mlango wake unafungukia upande gani.

Maryse hakulia. Alikuwa anafikiri. Bega halikumgusa, ngumi haikumgusa. Kilichopiga kichwa kile ni barafu.

Kipindi kilipoisha, mashine ya kusawazisha barafu iliingia, ikapita mahali pale mara moja, kisu chake kikikwangua, ikajaza tumbo, ikatoka kwa mlango wa nyuma. Maryse aliifuata. Alipitia garini, akalitoa sanduku la kuwekea vinywaji baridi, akamwaga soda za watoto kando ya gurudumu.

Nyuma ya kila uwanja wa barafu kuna rundo la theluji inayomwagwa na mashine, kijivu, yenye madoa ya rangi ya mistari na, mara nyingine, ya damu. Dereva wa mashine alikuwa anavuta sigara.

"Ya sasa hivi umeimwaga wapi?"

Alimwonyesha kwa sigara. "Ile inayotoa mvuke. Lakini imechanganyika na ya zamani, shemeji. Hapo pana msimu mzima."

Kulikuwa na wanawake wengine wawili pale, kila mmoja na sanduku lake. Mmoja alimkopesha sepetu.

Friza iliondolewa nyama ya kuwinda, ikajazwa theluji. Kila jioni, kabla ya chakula, Maryse alimlisha Yannick kijiko kimoja, kama dawa ya kikohozi. Siku ya tatu alimwita Delphine kwa jina. Siku ya nne alikwenda mwenyewe nyuma ya friza akaikaza koki. Siku ya tano aliulizia mashua nyekundu, na hawakuwahi kuwa na mashua nyekundu. Alimwita mbwa asiyekuwepo, akaacha mlango wazi ili aingie. Alijua wimbo wa Kifini. Maryse alichota, akalisha, akasubiri, akafuta matone mezani.

Siku moja Yannick aliweka kijiko chini.

"Mzee," alisema.

Maryse alizima redio.

"Yuko kitandani. Amenishika mkono. Anasema mwambie."

"Uniambie nini?"

"Mwambie Patty ile siku ya moto haikuwa kosa lake."

Kwenye ukoo wa Maryse hakuna Patty, na hapakuwahi kuungua kitu.

"Blanketi lilikuwa la rangi gani?"

Yannick alifikiri. "Jekundu," alisema. "Na dirisha halikuwepo."

Maryse alifungua friza, akaangalia kilichobaki. Kilikuwa kimebaki kidogo pembeni, na kwa juma zima alikikwangua hadi ubavu wa friza ukaonekana. Kilichotoka humo kilikuwa njia ya mkato ya kwenda kwa mtu asiyemjua, na bei ya petroli ya zamani.

Daktari alimpima Yannick akaridhika. Yannick alitaja jina lake, mwezi, na namba ya jezi yake. Majina ya watoto wake aliyataja yote, akaongeza la tatu, na daktari hakuhesabu. Mechi za mtoano zilikuwa zimekaribia na timu ilikuwa na upungufu wa washambuliaji. Koskela naye aliruhusiwa, upande wa Kilgour. Bwana Aldcroft aliitazama picha ya ugomvi ule, akaona kwamba wawili walikubaliana na hakuna kanuni iliyovunjwa. Ligi ilituma tangazo kwa viwanja vyote kwamba theluji ya nyuma ichotwe upande usiopita malori.

Maryse alimshonea Yannick kamba ya kidevuni iliyokuwa imelegea.

"Inua kichwa ukipokea," alimwambia.

"Naam, Colleen," alisema Yannick, akambusu.

Alikuwa anamwita hivyo siku mbili sasa. Maryse aliitika.

Mechi ya kwanza ya mtoano ilikuwa Jumamosi mchana. Maryse hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja nyuma, ambako wanawake walikuwa wamesimama kwenye jua la baridi, wengine wa Val-Brébeuf, wengine waliosafiri na timu ya Kilgour, masanduku yao yamepangwa ukutani. Kahawa ilikuwa inapita mkono kwa mkono. Mmoja alikuwa na sanduku lenye magurudumu, na walikuwa wanamtania.

"Huyu anataka kuhama na uwanja mzima!"

"Mume wangu ana kichwa kikubwa, nyie. Mtanieleza nini?"

Maryse aliweka lake chini. Alisubiri kicheko kipungue.

"Kuna Patty hapa?"

"Patty yupi?"

"Yeyote mwenye baba aliyefariki. Nina neno lake."

Walitazamana. Mwanamke wa Kilgour, mzee kidogo kuliko wengine, alisema alimjua Patty mmoja, mke wa beki, ila mumewe alihamishiwa timu ya magharibi miaka mingi iliyopita. Angemtafutia namba yake.

"Na wewe unatafuta nini?" alimuuliza.

"Blanketi la kijani," alisema Maryse. "Dirisha kushoto. Mzee anafungua mdomo."

"Tutaangalia," alisema yule mwanamke, na wengine wakaitikia, kama watu walioulizwa kuhusu mwavuli uliosahauliwa.

Ndani umati ukasimama kwa kishindo kimoja. Haikuwa kelele ya goli. Kila mmoja pale nyuma alijua tofauti. Magongo yalianza kugonga ubao, haraka, haraka zaidi, kisha yakanyamaza yote kwa pamoja.

Wanawake waliweka vikombe chini na kuvaa glavu. Maryse alifungua kifuniko cha sanduku lake, akaugeukia mlango wa mashine.